Nafasi ya Sista

Kila asubuhi, kabla jua halijatoka sawasawa, mwashi alikuwa ameshakaa kizingitini akipangusa mwiko wake kwa kitambaa. Alikuwa mjenzi wa miaka mingi, na nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa zimepita mikononi mwake. Ndani, binti yake mkubwa alikuwa akimsuka mdogo wake huku jicho moja likiwa kwenye birika la chai, na mdogo wake alikuwa akizungumza. Mdogo huyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Majirani walimwita Kasuku, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza. Hata akipiga mswaki alijaribu kumalizia hadithi, povu likimtoka mdomoni.

Yule mkubwa walimwita Sista, kama wanavyoitwa wauguzi hospitalini, ingawa alikuwa ametoka shule juzijuzi tu. Jina hilo alilipata akiwa na miaka kumi na mitano, mama yao alipougua. Kwa miaka miwili Sista ndiye aliyemgeuza mama kitandani, akampa dawa kwa saa zake, akamwosha na kumlisha. Mama alipofariki, Sista alishika usukani wa nyumba bila kuagizwa na mtu. Yeye ndiye aliyejua ni sare ipi imechanika, daftari gani limejaa, na kwamba Kasuku hapati usingizi mpaka ashike ncha ya shuka la dada yake.

Basi ilipokuja barua kwamba Sista amechaguliwa kusomea uuguzi, mwashi aliingia chumbani kwake akafunga mlango, akalia peke yake. Alilia kwa furaha, na kwa jambo jingine pia ambalo hakutaka kulitaja. Chuo kilikuwa safari ya saa tano kutoka nyumbani. Barua ilieleza kwamba habari za kitanda bwenini na za kuthibitisha masomo zingetumwa kwa simu. Simu ya Sista ilikuwa mbovu, kwa hiyo aliandika namba ya baba yake.

Mwashi aliacha shule akiwa darasa la tatu. Hesabu alizijua, maana ukuta hausimami bila vipimo, lakini maneno marefu yalimpa taabu, na hakuwaficha wanawe jambo hilo. Kazi ya kumsomea ujumbe wa simu ilikuwa ya Kasuku. Kila jioni baba alipotoka kazini, mtoto alikaa karibu naye akasoma kwa mbwembwe, akiiga sauti ya kila aliyeandika. Wiki zile Sista alikuwa akiuliza kila siku kama kuna lolote kutoka chuoni. Kasuku alijibu kuwa hakuna kitu. Sista akasema labda wana mambo mengi, tusubiri.

Mwashi aliona kwamba Kasuku amepungukiwa na maneno. Alikula kimya, akaenda shule kimya, akarudi kimya. Baba alidhani ni huzuni ya kuachwa, akanunua kalamu za rangi kumfariji. Kasuku alishukuru kwa sauti ndogo, akaziweka juu ya kabati bila kuzifungua.

Siku ya usajili ilipofika bila ujumbe wowote, mwashi aliamua kwamba watakwenda hivyo hivyo. Kwa kuwa hapakuwa na wa kubaki na Kasuku, walisafiri wote watatu kwa basi la kwanza. Walikuwa na begi moja, ndoo yenye vyombo, na godoro jembamba lililofungwa kwa kamba.

Saa tatu na nusu walikuwa kwenye foleni mbele ya bweni la wasichana. Foleni ilizunguka jengo hadi nyuma. Wazazi walikuwa wamekalia masanduku, wengine wakijipepea kwa vyeti vya watoto wao. Mwashi alilitazama jengo kwa jicho la kazi. Aliona msingi umenyanyuliwa vizuri lakini lipu ya upande wa kaskazini imeanza kupumua maji, akamnong'oneza Sista kwamba asikubali chumba cha upande ule. Sista akacheka, akamwambia apunguze ufundi, wapate kwanza chumba ndipo wachague ukuta.

Matroni wa bweni alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alipitisha kidole kwenye orodha mara ya kwanza, akapitisha mara ya pili. Kisha akafungua daftari jingine. Alisema jina lilikuwepo, kitanda namba mbili, chumba cha kumi na nne. Ujumbe ulitumwa wiki tatu zilizopita ukimtaka ajibu NDIYO ndani ya siku saba. Hakujibu, na kitanda amepewa mwingine.

Mwashi alieleza kwa upole kwamba hawakupata ujumbe. Matroni akasema mashine inaonyesha ulifika. Mwashi akaitoa simu yake na kuiweka mezani kama mtu anayeweka ushahidi mahakamani. Matroni akasema samahani mzee, nyuma yako kuna watu tisini.

Hapo damu ikampanda. Mwashi alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa ameamka saa nane usiku, na kitu kimoja alichojivunia duniani ni kwamba neno lake ni neno. Alisema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma ya foleni kwamba nyumbani kwake hakuna ujumbe usiosomwa, kwamba ana mtoto anayemsomea kila jioni, na kwamba matroni amempa ndugu yake kitanda hicho na sasa anatafuta pa kujificha. Watu wakageuka kutazama. Matroni alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Sista alimshika baba mkono, akamwondoa pale. Kasuku alikuwa nyuma yao amekumbatia ndoo, macho yake yakiwa chini.

Sista alisema bweni si kitu, mtu anaweza kupata hata kona mahali. La muhimu ni masomo. Wakaenda ofisi ya usajili, wakapanga foleni nyingine. Saa saba ilipita. Karani, kijana mwenye tai iliyolegea, alibonyeza kompyuta yake, akauma mdomo. Nafasi za uuguzi ni sitini, alisema. Kila aliyechaguliwa alitumiwa ujumbe wa pili, athibitishe. Asiyethibitisha alihesabiwa kuwa hataki, na nafasi yake ikaenda kwa waliokuwa wakingoja. Sasa kuna mawili: achukue kozi ya utunzaji wa kumbukumbu, ambayo ina nafasi, au mzazi atie sahihi fomu ya kuahirisha, binti aombe upya mwaka ujao pamoja na waombaji wengine.

"Aombe upya," mwashi alirudia. "Yaani aanze mwanzo."

Karani akasema ndiyo, bila uhakika wa kupata.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Mwashi alishika tama, viwiko magotini. Alikumbuka siku alizopanda jukwaa la ujenzi akiwa na homa ili Sista asikose shule. Alikumbuka mkewe alivyomwambia siku za mwisho, kwa sauti ambayo karibu haikusikika, kwamba huyu mtoto asiishie kututunza sisi. Sasa alikuwa na fomu mkononi na kalamu ya kuazima, na asingeweza hata kuisoma fomu yenyewe. Aliona wazi kwamba ukuta huu umemshinda. Kuta nyingine alijua pa kuanzia kuzibomoa, lakini huu ulikuwa wa karatasi na mashine na watu wanaosema samahani mzee, na hakuona hata pa kupachika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alijihisi mtu asiye na kazi yoyote duniani.

Mbele yao wazazi wengine walikuwa wakipita na watoto wao, kadi mpya za chuo zikining'inia shingoni. Baba mmoja alimpiga picha binti yake ukutani, akamwambia acheke vizuri. Mwashi aligeuza uso.

Sista hakulia. Alichukua fomu mkononi mwa baba, akaisoma yote polepole, akamwonyesha pa kutia sahihi. Kisha akasema maneno ambayo mwashi asingeyasahau.

"Basi, baba, usijali. Nitarudi nyumbani. Kasuku atafurahi."

Kasuku aliiachia ndoo. Vyombo vilitawanyika sakafuni, sufuria ikabiringika hadi miguuni mwa watu, na hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyeinama kuiokota.

"Ujumbe ulikuja," Kasuku alisema. "Wa kwanza na wa pili. Niliufuta wote."

Mwashi alimtazama kama asiyesikia. Mtoto akaendelea, na maneno yote aliyokuwa ameyafungia kwa wiki tatu yakamtoka kwa mpigo. Wa kwanza aliusoma jioni ile baba alipokuwa akinawa mikono. Alitaka kuusoma kwa sauti lakini akashindwa. Akaufuta, akidhani ataueleza kesho. Kesho ilipofika akaogopa kuulizwa kwa nini hakusema jana. Ulipokuja wa pili, hakuona njia ya kuutaja huu bila kuutaja ule. Alidhani chuo kitakasirika kidogo tu, dada akae nyumbani mwaka mmoja, halafu kitamwita tena. Hakujua kwamba kuna watu wanaongoja nafasi ya mwenzao.

Sista alikuwa amesogea mbali na mdogo wake. Alipiga magoti akaanza kuokota vijiko, kimoja kimoja.

Mwashi aliinuka akatoka nje. Alitembea hadi mwisho wa jengo, akasimama akiutazama ukuta. Alikuwa na hasira kiasi kwamba hakuiamini mikono yake. Kisha hasira ikapisha kitu kizito zaidi: sauti yake mwenyewe pale bwenini, akimfanya mama wa watu mwizi mbele ya wazazi tisini. Alibaki pale kwa muda mrefu. Aliporudi, uso wake ulikuwa umesawijika, lakini alikuwa ameamua.

"Chukua begi," alimwambia Sista. Akamgeukia Kasuku. "Na wewe twende. Hayo uliyotuambia, utayarudia kwa mdomo wako."

Kule bwenini foleni ilikuwa imepungua. Mwashi hakusubiri pembeni ili amnong'oneze matroni. Alisimama palepale aliposimama asubuhi, akasema kwa sauti ileile kwamba amemsingizia mama huyu, kwamba ujumbe ulifika nyumbani kwake na ukafutwa, na kwamba anaomba radhi. Kasuku akasema kwamba aliyefuta ni yeye. Alisema huku machozi yakimwagika, lakini alisema, neno kwa neno.

Matroni aliwatazama wote watatu. "Leo nimeitwa majina mengi, mzee," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kurudi."

Hakutabasamu. Alieleza kwamba kitanda kimeshakwenda na hawezi kumfukuza mtu aliyefuata taratibu. Lakini mkuu wa usajili huwa anasikiliza malalamiko hadi saa kumi, na kwa kawaida anaambiwa hadithi moja tu tangu asubuhi, kwamba mtandao ulisumbua. Naye ana mashine inayoonyesha ujumbe umepokelewa saa ngapi. Akawapa karatasi nyeupe, akawaambia waandike mambo kama yalivyo, wakimbie.

Kasuku ndiye aliyeandika, juu ya begi, kwa mwandiko wake wa darasani. Mwashi alimwambia asipambe wala asipunguze. Mtoto aliuliza kama aandike pia sababu. Baba akasema aiandike kama anaijua.

Mkuu wa usajili alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi zenye mvi na sauti ya chini. Aliisoma barua mara mbili. Kisha akamwuliza Kasuku kama aliambiwa na mtu nini cha kuandika. Kasuku akatikisa kichwa. Akaulizwa maana ya mstari wa mwisho, uliosema "sikutaka nyumba ibaki kimya." Kasuku alimtazama baba yake. Mwashi ndiye aliyeeleza, kwa kifupi, kwamba mama yao hayupo.

Mkuu wa usajili aliyapitia matokeo ya Sista. Alisema waziwazi kwamba hawezi kutengeneza nafasi isiyokuwepo. Ila waliothibitisha uuguzi ni sitini, na kufikia dakika ile wamefika hamsini na saba. Mlango unafungwa saa kumi kamili. Akibaki mmoja hajafika, nafasi yake itapewa Sista, kwa kuwa barua yao inalingana na mashine, na matokeo yake yanayazidi ya wote waliotuma malalamiko. Wakifika wote, safari njema nyumbani.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Walirudi kwenye benchi. Mwashi aliona haya kwa kile alichokuwa akikitamani, kwamba mtoto wa mtu mwingine asifike. Hakuweza kujizuia. Saa tisa na nusu aliingia msichana na shangazi yake, wote wawili wakihema. Hamsini na nane. Saa kumi kasoro dakika kumi akaja mvulana mwenye begi mgongoni, amelowa jasho, akaomba maji kabla ya kusema jina. Hamsini na tisa. Sista alimpisha akae, akampa maji kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, na mwashi akamtazama binti yake akifanya hivyo.

Baada ya hapo kila hatua ukumbini ilikuwa kama nyundo. Akapita mfagiaji. Akapita mzazi aliyesahau mwavuli. Kasuku alikuwa amekaa mbali kidogo, amejikunyata, akihesabu kitu midomoni.

Saa kumi kamili karani alifunga mlango.

Hakuna aliyeruka wala kupiga vigelegele. Sista alijaza fomu zake kimya. Masomo ya asubuhi ya maabara yalikuwa yamejaa, kwa hiyo akaandikwa kundi la Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, ambalo wengine wote walilikwepa. Kuhusu malazi, matroni alisema kuna njia moja tu. Chumba cha tisa kina wasichana wanne. Wakikubali, Sista anaweza kutandika godoro lake chini hadi mwisho wa muhula, hapo penye mlango. Wasichana wale walitazamana, mmoja akasogeza sanduku lake, wakakubali. Kilikuwa chumba cha upande wa kaskazini. Mwashi alipitisha kiganja ukutani, kikatoka na unyevu. Alilisogeza godoro mbali na ukuta kadiri nafasi ilivyoruhusu, yaani upana wa mkono mmoja.

Kasuku alisimama mlangoni akiliangalia lile godoro kati ya miguu ya vitanda vya watu. Kila atakayetoka kwenda chooni atalivuka. Alitazama kwa muda mrefu, na baba yake akamwacha atazame.

Wakati wa kuagana, Sista alimkumbatia baba. Kwa Kasuku alisita. Mwishowe akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Nimekukasirikia," alisema. "Na kesho nitakuwa bado nimekasirika. Lakini Jumapili nitaazima simu nipige, na utapokea wewe."

Kituo cha mabasi kilikuwa karibu, wakaenda kwa miguu. Mwashi alibeba kamba iliyofungia godoro, maana hakujua aiweke wapi. Walikaa kwenye ukingo wa saruji kungoja basi la kurudi. Kasuku aliuliza kama atachapwa. Baba alifikiri, akasema hapana. Ameshaliona lile godoro, na fimbo haina cha kuongeza.

"Nisikilize," alisema. "Kuogopa si kosa. Ungeniambia siku ile ile kwamba unaogopa, ningekaa chini na wewe tuuzungumze huo woga mpaka uchoke. Ulipoufungia, ukaanza kula vya mwenzako. Umekula kitanda chake, na umebakiza kidogo tu ule maisha yake. Umenifanya hata mimi niseme uongo mbele ya watu bila kujua. Ukweli ungekuwa mwepesi siku ya kwanza. Leo umetugharimu sote, na bado ndiyo kitu pekee kilichotuokoa. Umeelewa?"

Kasuku aliitikia kwa kichwa.

"Basi anza sasa. Niambie unaogopa nini."

Mtoto alichezea kifungo cha sare yake.

"Naogopa kufungua mlango tukifika," alisema. "Halafu yeye asiwepo."

Mwashi alivuta pumzi. Basi lilikuwa linaingia kituoni na watu walianza kusimama, lakini yeye hakusimama mara moja.

"Hata mimi," alisema. "Tutaufungua pamoja."